Mwacheni Alale

Usiku wa tatu wa matanga ya Mchopa,
Newala, ukungu umeingia mpaka ukumbini,
wanawake tumelala mikekani kama magunia ya korosho ghalani,
miguu ya huyu kichwani kwa yule,
na Somoe, mjane, katikati yetu,
hatimaye amelala.

Mwacheni alale, akasema wifi,
siku mbili hajafumba jicho.
Mwacheni alale, akasema shangazi Fatu wa Kitangari,
na sauti zikashuka,
vijiko vikalazwa polepole kwenye beseni,
mtoto aliyelia akatolewa nje.

Mimi ndiye niliyelala karibu na koo lake.
Somoe hakuwa mtu wa kukoroma. Marehemu alikuwa akijisifia:
mke wangu akilala, hata panya hajui.
Usiku ule alikoroma kama anyonyaye mrija
kwenye dumu lililokauka,
kisha kimya.
Nikahesabu. Kumi na moja. Kumi na mbili.
Kwenye kumi na nne pumzi ikarudi, fupi,
kama mtu aliyesahau kitu ndani.

Nilipata kukaa wodini wiki tano na mwanangu wa kifafa.
Nesi mmoja mrefu, mkali, aliniambia:
mwenye usingizi huitika.
Asiyeitika, mama, huyo hajalala.

Nikamwita kwa jina la utotoni. Nikamfinya sikio.
Nikamsugua mfupa wa kifua kwa vifundo vya vidole,
kwa nguvu, mpaka nikaona haya.
Hakukunja uso.
Leteni taa!
Taa ilipokuja, midomo yake
ilikuwa na rangi ya wino uliochuja.

Amemeza nini?

Ndipo huruma zetu zikaanza kujitaja.
Wifi: viwili, magharibi, vile alivyobakiza mama.
Fatu: viwili, baada ya isha, sikujua mwenzangu kampa.
Asnati wa Nachingwea, mwenye duka la dawa:
kimoja tu, cha njano,
na vijiko viwili vya dawa ya kikohozi, kifua kitulie.
Na chini ya mto, pakiti,
matundu manane wazi,
na hakuna aliyesema ni yake.
Sikuuliza usiku ule. Mpaka leo sijauliza.

Fatu akaja mbio na kikombe cha maziwa.
Nikamdaka mkono, yakamwagikia mkekani:
asiyemeza, shangazi, yatamshukia pafuni!
Mwingine na ndoo ya maji. Hapana.
Mlazeni ubavu. Goti la juu likunjeni.
Kidevu kiinueni, ulimi usizibe njia.
Pakiti zote nipeni mimi, tupu na nzima, na chupa.
Na Likunda wa bajaji,
huyo kama amelala, mwamsheni.

Njia nzima kiganja changu kilikuwa puani kwake,
nikipokea hewa kama chenji ya mtu bahili.
Kabla ya kituo cha mafuta haikuja.
Nikamlaza chali, nikambana pua,
nikampulizia kinywani. Kifua kikapanda.
Nikapuliza tena. Bajaji iliruka shimo
meno yetu yakagongana.
Likunda alikuwa akisoma dua na kupiga honi.

Hospitalini kijana wa mafunzo
aliukamua mfuko wa mpira mpaka alfajiri,
akibadilisha mkono, habanduki.
Daktari alimwaga pakiti mezani
akazihesabu kama karani wa mnada.

Siku ya pili, adhuhuri, Somoe alifumbua macho.
Akatutazama, akatabasamu kidogo.
Mchopa amekwisha kurudi shamba?

Dawa ilikuwa imefuta.
Wifi akatoka nje.
Nikamshika mkono nikamwambia upya, tangu mwanzo,
pikipiki, gunia, kona ya mteremko,
na nani alikuja kutupa habari.

Akalia kwa sauti ya kuangusha dari,
pumzi zikienda, zikirudi,
nami, sijui kwa nini, nikizihesabu.
Nesi akachungulia mlangoni
akauliza kama tumtulize.
Mwacheni, nikasema.
Mwacheni alie.